Gatsby hakufa kwa mapenzi

Usiku wa Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alikaribisha wageni kwenye sherehe ya Halloween katika jumba lake la Mar-a-Lago, Florida. Mada ya usiku huo ilikuwa The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotimiza miaka 100 mwaka huohuo. Serikali ya shirikisho ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa kukosa bajeti, na msaada wa chakula unaotegemewa na Wamarekani wapatao milioni 42 ulikuwa hatarini kusimama siku inayofuata. Wakosoaji wakaja juu: watu hawa hawajasoma kitabu, kitabu chenyewe kinawalaani matajiri wanaoponda raha huku jirani anahangaika. Wafuasi wa Rais wakajibu kwamba kuvaa mavazi ya miaka ya 1920 na kucheza muziki si dhambi. Ugomvi ukaendelea kwa siku kadhaa, kila upande ukimvutia Gatsby kwake, na katika yote niliyosoma sikuona aliyetulia kuuliza bwana mwenyewe alikuwa anatafuta nini kwenye zile sherehe zake.

Hata huku kwetu jina hilo limekuwa pambo la ukumbi. Mpwa wangu aliniletea kadi ya sendofu yake, nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, na chini yake imeandikwa kwamba mavazi ni ya Gatsby. Nikamuuliza kama anaijua hadithi. “Filamu nimeiona mara tatu, mjomba,” akaniambia. “Si yule aliyenunua jumba kwa ajili ya mwanamke, halafu mwanamke akamwacha afe?” Nikamuuliza kama anamkumbuka mtoto. Akanitazama. “Mtoto gani?”

Mtoto yupo. Anaitwa Pammy, ni binti wa Daisy na Tom Buchanan, na katika riwaya nzima anaonekana kwa dakika chache tu. Hoja yangu ni kwamba dakika hizo zinamfafanua Gatsby kuliko sherehe zake zote. Tumezoea kusema aliuawa na mapenzi. Wengine husema aliuawa na pesa chafu, na wasomi wengi husema aliuawa na ukuta wa kitabaka. Kila kauli ina chembe ya ukweli, ila zote zinachukulia kwamba Gatsby alikuwa anamtaka Daisy. Mimi nasema alichokitaka hasa ni Daisy akiri kwamba miaka mitano iliyopita haikuwahi kuwepo. Siku alipolazimika kuchagua kati ya mwanamke na kukiri huko, alichagua kukiri.

Kwa ambaye hajaisoma, au ameisahau, hadithi ni fupi. Ni kiangazi cha 1922 huko Long Island, pembeni mwa jiji la New York. Msimulizi, Nick Carraway, amepanga nyumba ndogo ya dola 80 kwa mwezi, ubavuni mwa jumba la Jay Gatsby. Ng’ambo ya ghuba anaishi Daisy, ndugu yake Nick wa mbali, pamoja na mumewe Tom, tajiri wa ukoo kutoka Chicago. Mwaka 1917 Gatsby alikuwa luteni asiye na kitu, akapendana na Daisy huko Louisville, Kentucky. Akapelekwa vitani Ulaya. Daisy akamngoja, kisha akachoka kungoja, akaolewa na Tom mwezi Juni 1919. Gatsby akarudi, akatajirikia kwenye magendo ya pombe wakati pombe imepigwa marufuku nchi nzima tangu Januari 1920, akanunua jumba linalotazamana na gati la nyumba ya Daisy, gati lenye taa ya kijani inayowaka usiku kucha. Wakaonana, penzi likafufuka. Mambo yakalipuka hotelini New York, na jioni hiyohiyo, wakirudi, Daisy akiwa kwenye usukani wa gari la Gatsby alimgonga na kumuua Myrtle Wilson, hawara wa mumewe. Mume wa Myrtle, mwenye gereji, akaelekezwa na Tom kuwa gari lile ni la Gatsby. Akamfuata, akampiga risasi akiwa bwawani kwake, kisha akajiua.

Kitabu hiki kilitoka tarehe 10 Aprili 1925 na hakikuuza kama mwandishi alivyotarajia. Fitzgerald alifariki Hollywood mwezi Desemba 1940, akiwa na miaka 44, na nakala za toleo la pili zilikuwa bado ghalani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia wanajeshi wa Marekani waligawiwa nakala zake zipatazo 155,000, vijitabu vya kutia mfukoni, na hapo ndipo kilipoanza kusomwa na umma. Haki miliki yake huko Marekani ilikwisha Januari 2021, na tangu hapo kila mtu anaweza kumchukua Gatsby na kumfanya atakavyo. Ndiyo maana naona kuna haja ya kurudi kwenye maandishi yenyewe.

Tuanze na sherehe, maana ndizo zilizozua mjadala. Kila Ijumaa kreti tano za machungwa na malimau hushushwa kwa Gatsby kutoka New York, na kila Jumatatu matunda hayohayo hutolewa mlango wa nyuma yakiwa lundo la maganda. Jikoni kuna mashine inayoweza kukamua machungwa 200 kwa nusu saa, ilimradi kitufe chake kibonyezwe mara 200 kwa kidole gumba cha mtumishi. Jumatatu watumishi wanane, akiwemo mtunza bustani wa ziada, hushinda wakideki, wakigongelea na kukarabati uharibifu wa usiku uliopita. Fitzgerald alikiona kile kidole gumba. Hakuwa kipofu wa nani anailipia raha. Hapo wakosoaji wa Mar-a-Lago wana haki. Lakini tazama mwenye nyumba yuko wapi usiku ule wa ngoma. Amesimama peke yake kwenye ngazi, hanywi, hachezi, hakuna aliyemlalia begani. Wageni wengi hawamjui, wamekuja bila kualikwa, na wanakunywa pombe yake huku wakinong’ona kwamba amewahi kuua mtu. Sherehe ni mtego wa ndege mmoja: anategemea usiku mmoja Daisy ataingia kwa bahati, kama wengine wanavyoingia. Daisy alipokuja kweli, hakufurahia, na Gatsby akaliona hilo. Hazikupita siku nyingi akawaachisha kazi watumishi na taa za jumba zikazimwa siku ya Jumamosi. Mtu aliyekuwa mlevi wa anasa asingezifunga sherehe zake kwa sababu ya macho ya mgeni mmoja. Kwa hiyo wanaoiga sherehe wanaiga chambo, na wanaozilaani kama tamaa ya mwili wanakilaani chambo hichohicho.

Tamaa yake ilianzia wapi? Hapa ndipo filamu na kadi za mwaliko hutupoteza, kwa sababu hutuonyesha kwanza mwanamke, kisha pesa. Riwaya imepanga kinyume. James Gatz, mtoto wa wakulima walioshindwa na maisha huko North Dakota, alikuwa na miaka 17 alipoiona mashua ya kifahari ya Dan Cody ikitia nanga kwenye Ziwa Superior. Cody alikuwa mzee aliyetajirikia migodini, kwenye fedha ya Nevada na shaba ya Montana. Kijana akaazima mtumbwi, akapiga kasia kwenda kumwonya kwamba upepo ungeweza kuivunja mashua ile kwa nusu saa. Alipoulizwa jina akasema Jay Gatsby. Jina lilikuwa tayari kichwani muda mrefu, na wazazi wake, msimulizi anatuambia, hakuwahi moyoni kuwakubali kuwa ni wazazi wake. Alikaa na Cody miaka mitano. Mzee alipokufa alimwachia dola 25,000, lakini kwa hila ya kisheria mali yote ikaenda kwa Ella Kaye, mwanamke wa Cody, na kijana hakupata hata senti. Yote hayo yalitokea kabla hajamwona Daisy. Kijana huyu alikuwa ameshajizaa upya, ameshafuta ukoo, ameshaamua kwamba mtu anaweza kukatisha alikotoka na kuanza ukurasa mweupe. Daisy alikuta kazi ya kufuta imeshaanza.

Najua jibu la wanaotetea mapenzi, na ni jibu zito. Wanasema: soma sura ya nane. Gatsby mwenyewe anasimulia kwamba huko Louisville alikusudia kuchukua alichoweza na kuondoka, maana alijua sare ya jeshi imeficha umaskini wake na siku yoyote inaweza kumvuka mabegani. Badala yake akajikuta amefungwa, kama mwenye nadhiri. Kama ingekuwa tamaa ya makuu peke yake, angelitafuta jumba jingine lenye binti mwingine. Marekani ya wakati ule haikukosa mabinti wa kitajiri. Wanaongeza kwamba baada ya ajali alikubali lawama iwe yake, akasimama nje ya nyumba ya Tom usiku kucha akihofia Daisy asidhuriwe, wakati Daisy yuko jikoni na mumewe, sahani ya kuku wa baridi na chupa mbili za bia katikati yao. Na mwandishi mwenyewe aliyajua haya kwa mwili wake. Zelda Sayre, mkewe wa baadaye, alivunja uchumba naye mwaka 1919, wakati Fitzgerald hana kitu, na akaolewa naye tarehe 3 Aprili 1920, wiki moja baada ya riwaya yake ya kwanza kutoka.

Sikatai kwamba Gatsby alipenda. Nasema tazama namna alivyopenda. Msimulizi anatuambia kwamba kilichomsisimua ni pamoja na wanaume wengi waliokwisha kumpenda Daisy kabla yake: jambo hilo lilimpandisha thamani machoni pake. Usiku alipombusu mara ya kwanza alisita, kwa sababu alijua kwamba akishayafunga maono yake makubwa yasiyo na jina kwenye pumzi ya binadamu anayekufa, akili yake haitaruka tena kama akili ya Mungu. Maono yalikuwepo. Busu liliyapa mahali pa kukaa. Anayependwa hivi amebebeshwa mzigo ambao hakuuomba, na hata akiwa mwema kiasi gani mabega yake hayatatosha. Miaka mitano baadaye wanasimama dirishani mwa jumba, mvua inanyesha, Gatsby anamwambia kwamba isingekuwa ukungu wangeiona nyumba yake ng’ambo ya ghuba, ile yenye taa ya kijani inayowaka usiku kucha gatini. Daisy anapitisha mkono wake kwenye mkono wa Gatsby. Yuko hapo, ana joto, anagusika, naye Gatsby amezama kwenye alichokisema hivi punde, maana taa ile imerudi kuwa taa ya gatini tu. Msimulizi anasema idadi ya vitu vyake vya ajabu ilikuwa imepungua kwa kimoja. Ukikaa na sentensi hiyo utashtuka: mpenzi amefika, na hesabu imeandikwa kama hasara.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa zaidi mitandaoni, ni ile ya mpwa wangu: Daisy ndiye aliyemuua, alifuata pesa, alimchezea mwanaume wa watu. Wanaoisema hawajakaa na ule usiku kabla ya harusi. Tom alikuwa amempa mkufu wa lulu wa thamani ya dola 350,000. Saa chache baadaye rafiki yake Jordan anamkuta kitandani, amelewa chakari, chupa mkono mmoja na barua mkono wa pili, barua ambayo kila dalili inaonyesha ilitoka kwa Gatsby. Anazitoa lulu kwenye kapu la taka na kusema zirudishwe kwa mwenyewe, waambieni Daisy amebadili mawazo. Wanamfungia kwenye maji ya baridi. Haiachii barua, anaingia nayo majini, anaifinyanga mpaka inakuwa donge, na anaitoa mkononi pale tu inapoanza kumeguka kama theluji. Nusu saa baadaye lulu ziko shingoni, na kesho yake saa kumi na moja jioni anaolewa. Huyu ni binti wa familia kubwa ya Kusini, umri miaka 19, na hakuna mtu mmoja chumbani aliyemuuliza barua inasema nini. Miaka mitatu baadaye anaishi na mwanaume ambaye tunamwona akimvunja pua hawara wake kwa kiganja, na ambaye amemwachia mkewe kidole kilichovilia damu. Hayo hayamsafishi. Aliendesha gari lililoua mtu akakimbia, akanyamaza, na Gatsby alipozikwa hakutuma salamu wala ua. Lawama hiyo ni yake na ni kubwa. Lakini kuhusu ndoto ya Gatsby, msimulizi, ambaye hana huruma nyingi na Daisy, anatamka wazi kwamba alipungukiwa na ile ndoto si kwa kosa lake, ila kwa sababu ndoto ilikuwa imevimba kupita yeye, kupita kila kitu. Anayempa Daisy hatia ya kutokuwa ndoto anarudia kosa la Gatsby.

Ya wasomi ni nzito zaidi, nami naikubali nusu. Wanasema Gatsby aligonga ukuta: pesa yake ilikuwa mpya, ya Tom ilikuwa ya ukoo, na Marekani inayojisifu haina mabwana iliwalinda mabwana wake. Sisi tuna msemo wa kumcheka aliyepata jana, kwamba maskini akipata matako hulia mbwata. Tom ameujenga utu wake wote juu ya kicheko hicho. Tangu sura ya kwanza anahubiri kitabu kinachodai kwamba watu weusi na wengineo wataumeza ustaarabu wa watu weupe. Hakuwa mwehu wa peke yake. Hofu hiyo ilikuwa siasa halisi, na Mei 1924 Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria iliyobana wahamiaji kwa kuangalia walikotoka. Hotelini Tom anamwita Gatsby Bwana Asiyejulikana wa Kusikojulikana, na katika pumzi ileile anasema mambo yakienda hivi, kesho weusi na weupe wataoana. Jordan ananong’ona kwamba hapa sote ni weupe. Kwa msomaji Mwafrika sentensi hizo mbili zinaeleza mengi: kwa Tom, anayepanda ngazi na mwenye rangi nyingine ni tishio moja, na Gatsby, mweupe kama yeye, anahukumiwa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yetu. Ukuta upo, na nisingependa mtu asome riwaya hii bila kuuona.

Swali langu ni la mfuatano. Ukuta ulimwangukia Gatsby lini? Wengi hukumbuka kwamba Tom alifichua magendo, maduka ya dawa ya New York na Chicago yaliyouza pombe juu ya kaunta, na Daisy akarudi nyuma. Fungua sura ya saba usome taratibu. Ni siku ya joto kali, wamekodi chumba Hoteli ya Plaza. Chini yao, ukumbini, kuna harusi, na muziki wa maharusi unapanda mpaka dirishani. Gatsby anamtaka Daisy amwambie Tom kwamba hakuwahi kumpenda. Daisy anasita, analisema, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa. Ndipo Tom, katili yule, anapouliza kwa sauti ya chini iliyokwaruza: hata siku ile niliyokubeba ili viatu vyako visilowe? Ni jambo dogo sana, la mke na mume, na Gatsby hana lake la kulijibu. Daisy anamgeukia Gatsby, anamwambia unataka mno. Anamwambia nakupenda sasa, kwani haitoshi? Ya zamani siwezi kuyabadili. Nilimpenda yeye wakati fulani, lakini na wewe pia nilikupenda.

Hapa nasimama kila ninapoisoma. Mwanamke amemwambia anampenda, sasa, mbele ya mumewe, mbele ya mashahidi wawili. Magendo hayajafichuliwa kikamilifu bado. Hakuna bunduki, hakuna ajali. Kila alichokifanya kwa miaka mitano, jumba, mashati ya rangi zote kutoka Uingereza, kreti za machungwa, kimezaa matunda katika sentensi moja. Gatsby anafumbua macho na kuyafumba, anarudia neno moja tu: na mimi *pia* ulinipenda? Lile “pia” ndilo lililomkata. Alikuwa ameonywa mapema. Nick alimwambia asimdai Daisy mengi, yaliyopita hayarudiwi, naye akashangaa: hayarudiwi? Bila shaka yanarudiwa! Sisi husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa Gatsby yaliyopita ndiyo ndwele pekee aliyokuwa nayo, na yajayo hayakuwa na maana mpaka hiyo iganguliwe. Mpango wake ulikuwa Daisy awe huru, warudi Louisville, aolewe kutoka nyumbani kwa wazazi wake, kama vile ni miaka mitano nyuma.

Ndiyo maana namtaja mtoto. Mchana uleule, kabla hawajaenda mjini, yaya anamleta Pammy sebuleni. Mama yake anamwonyesha kwa wageni, anasema hafanani na baba yake, anafanana na mimi. Mtoto anauliza baba yuko wapi. Nick na Gatsby wanainama kwa zamu, wanaushika mkono mdogo unaojivuta. Baada ya hapo Gatsby anaendelea kumtazama mtoto kwa mshangao, na Nick anasema hadhani kama Gatsby alikuwa ameamini kabla ya hapo kwamba mtoto huyo yupo kweli. Alijua, angekosaje kujua mtu aliyekata magazeti miaka mingi akitafuta jina la Daisy? Lakini kujua na kuamini ni vitu viwili. Mashati yanaweza kununuliwa, mume anaweza kukanwa, taa inaweza kuangaliwa ng’ambo ya maji mpaka igeuke nyota. Mtoto ni wakati uliopita akiwa na mikono na sauti. Hakuna maneno ambayo Daisy angeyasema Plaza yangemfuta. Na katika mpango wote wa Louisville, sikuona mahali ambapo Gatsby anamtengea yule binti hata kitanda.

Alfajiri ya siku atakayouawa bado anapiga hesabu. Anamwambia Nick kwamba huenda Daisy alimpenda Tom kwa dakika moja tu, walipokuwa wapya, na hata hapo alimpenda Gatsby zaidi. Kisha anaongeza kauli ya ajabu: vyovyote iwavyo, lilikuwa jambo la binafsi tu. Nick hajui alifanyie nini neno hilo. Nadhani ndilo ungamo la kweli kuliko yote aliyowahi kutoa. Moyo wa Daisy, kwake, ulikuwa jambo la binafsi tu, dogo, la watu wawili. Yeye alikuwa na kesi kubwa zaidi, kesi dhidi ya wakati.

Kama nasoma sawasawa, basi masomo mawili yanayouzwa kwa vijana kwa jina la Gatsby yote yana hatari. La kwanza linasema pambana, tajirika, atakuona. La pili linasema usimjengee mwanamke. Yanaonekana yanapingana, lakini yote mawili yanamfanya mtu mwingine kuwa zawadi ya safari yako, na asipokuwa zawadi, mwizi. Nimewaona watu wa rika langu waliokwenda kutafuta maisha Muscat na Uingereza, wakarudi na nyumba ya ghorofa na hasira kwa sababu waliyemwacha ana watoto na maisha ambayo wao hawamo. Fedha zao zilikuwa halali na hasira yao ilikuwa ileile. Utajiri una uwezo wa kumdanganya mtu kwa namna hii: unaweza kulirudisha shamba lililouzwa, unaweza kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na ukishayafanya hayo mara mbili tatu unaanza kuamini kwamba unaweza kumdai mtu fidia ya miaka aliyoishi bila wewe. Kuhusu Mar-a-Lago, ugomvi wa bajeti na chakula cha maskini una uzito wake unaojitosheleza, nao usimgeuze Gatsby shahidi wa upande wowote. Ila anayeandaa sherehe kwa jina lake ningemwomba akumbuke waliojaa bustani ile kiangazi kizima. Siku ya maziko, kati ya wote waliokula na kunywa pale, ukiacha Nick, alitokea mmoja tu.

Na alikuja baba. Henry Gatz, mzee aliyevaa koti zito refu siku ya joto la Septemba, alisoma habari kwenye gazeti la Chicago akapanda treni. Ana picha ya jumba la mwanawe mfukoni, imechanika pembe na kuchakaa kwa kushikwashikwa, na anamwonyesha Nick picha hiyo wakiwa wamesimama ndani ya jumba lenyewe. Anasema kijana alimnunulia nyumba miaka miwili iliyopita, alikuwa mwema kwake. Kisha anatoa kitabu cha zamani cha hadithi za wachunga ng’ombe. Kwenye karatasi ya nyuma kuna ratiba ya tarehe 12 Septemba 1906, kwa mwandiko wa mtoto. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Kusoma umeme. Kazi. Kujizoeza kuongea vizuri. Kusoma uvumbuzi unaohitajika. Chini yake kuna maazimio: kutovuta tumbaku, kuoga kila baada ya siku moja, kuweka akiba dola 5 kwa wiki, tano ikiwa imekatwa na kuandikwa 3. Azimio la mwisho ni kuwatendea wazazi wema zaidi. Mzee anasoma kila mstari kwa sauti, anamwangalia Nick kwa hamu, na Nick anahisi kwamba mzee anamtarajia aunakili kwa matumizi yake mwenyewe. Nje magari ya wageni hayaji. Mzee anasitasita kukifunga kitabu.